Kimoja au Viwili

...kimoja au viwili, anauliza huyu binti wa Bagamoyo, kwa wepesi kabisa kama anayeuliza chai ya rangi au ya maziwa, "Chumba chenu, mama, mwataka chenye kitanda kimoja kikubwa au viwili vidogo?", na Asteria ameibana simu kati ya sikio na bega, mikono yote miwili imeshika pembe mbili za shuka, pembe nyingine mbili zimeshikwa na mumewe Valerian, hatua tatu mbele yake, katikati yao shuka jeupe limenyooka kama meza, na yeye ambaye mwaka wa kumi na tisa huu hana kazi nyingine duniani ila vitanda, kutandua na kutandika, vyumba kumi na vinne vya gesti hii ya Nyahanga kila siku ya Mungu, amekosa jibu la swali la kitanda, amesema tu, "Subili kidogo, mwanangu, nimeshika kitu," na hiyo subili imemtoka na L yake ya Kisukuma kama inavyomtoka kila akibabaika, na binti hakucheka, amesema, "Hamna neno, mama yangu, miye nipo, usikate," kisha kitu kimegonga, tak, ameilaza simu mezani, maana wageni wameingia kule, "Karibuni, karibuni, mizigo iacheni hapo hapo," na Asteria anabaki na sikio lake ndani ya hoteli ya Bagamoyo na miguu yake kwenye changarawe za Kahama, saa nne ya asubuhi, jua limeshaanza kuuma shingo.

"Vuta kwako kidogo, Mama Dorah," anasema Valerian, "linataka kugusa chini," naye anavuta, shuka linakaza, Valerian anatikisa kichwa kwamba hapo sawa, anasubiri, mtu wa kusubiri huyu, angemwacha hapo mpaka adhuhuri asingeuliza unaongea na nani... lakini anajua, anajua ni hoteli, hajui tu imeulizwa nini, na kule ndani ya simu ufagio unakwaruza sakafu, ufagio wa chelewa huo, sakafu ya mawe hiyo, saruji haitoi mlio ule, na kijiko kinagonga kikombe, na kunguru, mayu wee, kunguru wangapi hao, na mtu anapaza sauti, "Bi Tatu, namba sita tayari?", na sauti ya mwanamke mtu mzima inajibu kutoka mbali, labda juu, labda kuna ghorofa, "Bado foronya!", na Asteria anajikuta anatabasamu, kumbe kila mahali foronya ndizo zinazochelewa, hata pwani, kumbe mtandika vitanda wa kule anaitwa Bi Tatu, ana kifua kizuri cha sauti, anapanda ngazi bila kuhema, huyo ndiye atakayeingia chumbani kwao siku ya pili, wakiwa wametoka kwenda kutazama hayo magofu anayoyasifia binti yao Dorah, ataingia na mashuka safi mkononi, atasimama mlangoni kama Asteria anavyosimama, atatazama kabla hajagusa... na hapo tabasamu linaisha, maana Asteria anajua anachotazama mtandika vitanda.

Shuka ni barua, alimwambia Sesilia, yule msichana aliyekuja kujifunza kazi kisha akaenda kuolewa Didia, shuka ni barua ambayo mgeni anaiandika bila kujua, na wewe ukitaka kazi hii isikuchoshe jifunze kuisoma, usimsimulie mtu, lakini isome, na kweli ameisoma miaka yote hii, huyu alilala pembeni kabisa kama aliyemwachia mtu nafasi na mtu hakuja, huyu hakulala, alikaa kitandani na viatu, huyu alilia, foronya ikikauka machozi inakuwa na duara gumu kidogo, tofauti na jasho, tofauti na mate, huyu mnunuzi wa dhahabu wa namba tatu alikula samaki na kuficha miiba chini ya godoro kama mtoto, na wale wanaokuja wawili, ndio hao, bwana na bibi wamevaa sare za kitenge wanatoka harusini Shinyanga, wanacheka mapokezi, wanachukua chumba kizuri, na asubuhi anakuta kitanda kimetumika upande mmoja na blanketi liko sakafuni limekunjwa vizuri, vizuri mno, na anajua, hata jina lao hajui lakini hilo analijua, na huwa anasema moyoni, masikini, na anabadilisha shuka... masikini, ndilo neno analosema, na Bi Tatu atasema neno gani, wa pwani wanasemaje, wana maneno mengi wale.

Hoteli zilikuwa tatu, Dorah alituma picha Jumapili baada ya misa, Dorah binti yao muuguzi aliyepangiwa Dodoma, siku moja kabla alikuwa amepiga simu akasema, mama, mwaka huu mnatimiza thelathini, miaka thelathini ya ndoa si mchezo, mimi na likizo yangu nimeamua, tiketi juu yangu, mkae siku nne mjini mahali penye historia, mpumzike, baba achague mji na mama achague hoteli, kila mtu na lake, na Valerian alipopewa simu achague mji Asteria alidhani atasema Mwanza, au atasema tu, aa, sisi tutaenda wapi, tena kwa kifua hiki, lakini aliishika simu kwa mikono miwili akasema, "Bagamoyo," bila kufikiri, kama mtu aliyekuwa na neno mdomoni tangu zamani anangoja kuulizwa, na Asteria aliyekuwa anachambua mchele aliinua macho, miaka thelathini, hajawahi kumsikia akiutaja mji huo, Bagamoyo ya nini, na Valerian akaeleza, si kwake, kwa Dorah, kwamba babu mzaa babu yake alitoka Samuye kwa miguu na pembe ya ndovu begani, msimu mzima wa kiangazi njiani, akafika, akarudi, na kitu pekee alichosimulia hadi anakufa ni kwamba kule kuna maji yanapumua, yanaingia na kutoka kama kifua cha mtu aliyelala, na watoto wa Samuye wakamwona mzee ameharibikiwa akili... na Dorah akafurahi, akaanza ualimu wake, "Halafu baba, unajua ndio uliokuwa mji mkuu wa kwanza wa Wajerumani? Kabla ya Dar!", na Asteria akauliza kutoka kwenye ungo wake, "Na sasa je?", "Sasa ni mji wa kutembelea tu, mama," na hilo limemkaa kichwani wiki nzima, mji uliokuwa mkuu kisha ukaachwa, wenye mji walihama na makaratasi yao na bendera yao wakaenda zao, na ule uliobaki ukaendelea kuamka asubuhi na kufagia na kuchemsha chai, unaishije mji wa hivyo, unakasirika au unashukuru, angependa sana kuuona uso wake, kwa sababu ambayo hajaitafuta.

Ya kwanza ilikuwa ya ufukweni, bwawa la kuogelea, miavuli ya makuti, na kitanda kama uwanja, kimemwagiwa maua mekundu yaliyopangwa kwa umbo la moyo, na juu yake taulo mbili zimekunjwa kuwa bata wanaobusiana, alicheka peke yake mpaka mgeni wa namba kumi akachungulia, alikuza picha kwa vidole kutazama bata wamekunjwaje, shingo imesimamaje bila pini, akachukua taulo akajaribu, mara ya tatu shingo ikasimama, akamweka bata wake juu ya kitanda cha namba tano, na mgeni wa namba tano, dereva wa lori la saruji, aliuliza mapokezi kuna mtu amesahau mnyama... lakini ya ufukweni hapana, maua yale mekundu yatatoa rangi kwenye shuka, na nani atalala katikati ya moyo uliopangwa na mtu mwingine, hapana. Ya pili ni nyumba ya masista, ndani ya uwanja wa misheni, safi, picha zinanukia sabuni kabisa, na kila chumba kina vitanda viwili vyembamba vya chuma na katikati meza yenye Biblia, vyote, hakuna cha kuchagua, hakuna wa kukuuliza, unafika, unapewa ufunguo, baba huku mama huku, na Bi Tatu wa masista akiingia asubuhi atakuta vitanda viwili vimelaliwa na hatasoma chochote maana hakuna kilichoandikwa, na kwa siku mbili Asteria alijua ni hiyo, alishamwandikia na Dorah, ya masista ni nzuri, ina utulivu, alibakiza kubonyeza tu ujumbe uende, na hakubonyeza. Hakujua kwa nini. Alirudi kuitazama ya tatu, hii, nyumba ya mawe katikati ya mji wa zamani, ukuta mnene kama wa ngome, dirisha lina kina cha mtu kukaa, na kitanda cha miti iliyochongwa kando ya dirisha, shuka limetandikwa, pembe imekunjwa kama bahasha, kama anavyokunja yeye, hakuna aliyemfundisha yeye, aliibuni mwenyewe mwaka wa kwanza kwa sababu wachimbaji wanarusha miguu na mashuka yanachomoka, na sasa kuna mtu mwingine, mwisho mwingine wa nchi, amekunja vilevile, mtu huyo alikuwa anatandikia nani, akataka kumjua, ndiyo maana amepiga simu, si kwa ajili ya kitanda, amepiga kwa ajili ya ile pembe, na sasa wameulizwa kitanda.

"Pampu imeanza tena ule mlio," anasema Valerian kule upande wa pili, "nadhani ni mpira wa ndani," na Asteria anaitikia, "Eeh," na kwenye simu binti anawaambia wageni wake chai ipo uani, jisikieni kwenu... jisikieni kwenu, ndiyo maneno yenyewe, kwenu ni wapi, kwao ni nyumba ya vyumba viwili na sebule nyuma ya kanisa, chumba kimoja cha sita kwa sita, kitanda cha mninga alichokitengenezesha Valerian walipooana, futi sita kwa futi sita, mafundi watatu walikiingiza kwa dirisha, na chumba cha pili cha Dorah, kitanda kidogo, kalenda ya parokia, na Asteria analala kwa Dorah, mwaka wa kumi na moja sasa, na ukimwuliza waligombana lini hatakuwa na jibu kwa sababu hawakugombana, ndilo jambo la ajabu, hata sahani haikuvunjika, Valerian alirudi kutoka machimbo ya Geita na kifua kile cha vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, anakohoa mpaka ukuta unajibu, na usingizini alikuwa anavuta, anashika shuka kwa mikono miwili, analizungusha kwenye kiganja, anavuta, anavuta, mpaka Asteria anabaki mtupu kama kuku aliyenyonyolewa, na ukimgusa anapiga kelele, "Usiachie!", na Asteria alikuwa anatakiwa gesti saa kumi na mbili alfajiri, akasema, acha nilale kwa Dorah wiki moja, yuko bweni huyu, hadi kikohozi kitulie, Valerian akasema, ni sawa, pumzika, na wiki ile ndiyo hii.

Na sababu ya kuvuta kule, mambo ya kamba, Valerian hakumwambia, aliambiwa na Mwita, mtu wa Tarime aliyefanya naye kazi kule, walikutana msibani, akadhani Asteria anajua, akasema shemeji, mumeo ni mtu, siku duara letu, lile shimo la kuchimbia, lilipotitia alikuwa juu ameshika kamba na Marselino yuko chini, tukamwambia achia, ardhi inakwenda, hakuachia, tulimshika kiuno tunamvuta na yeye anavuta kamba, na ikaja, ikaja yote, shemeji, kamba ilirudi nyepesi... na Asteria aliyekuwa na beseni la maharage mkononi alisema, ndiyo, aliniambia, akadanganya mbele ya maiti, kwa aibu ya kutojua habari ya mtu wake, na tangu siku hiyo alisubiri amwambie mwenyewe, akajisemea asilazimishwe, mtu huamua mwenyewe kusema, na Valerian naye labda alikuwa anasubiri aulizwe, kama alivyosubiri kuulizwa mji, kwa mikono miwili... hapo Asteria anamtazama. Anamtazama kweli, si kama anavyomtazama kila siku wakikunja mashuka, maana tangu mwenye gesti amwajiri Valerian kuangalia pampu na maua wanakunja pamoja kila asubuhi, mashuka kumi na manne, ishirini na nane ya siku za mnada, wanashika pembe, wanatikisa, wanasogeleana, mikono inagusana, anachukua pembe zake, anarudi nyuma, tena, na tena, kama ngoma fulani ya watu wasio na haraka, na hajawahi kuona kwamba pembe ya shuka Valerian haishiki kama watu, anaizungusha mara moja kiganjani, kisha anakunja ngumi juu yake, na vidole vimekuwa vyeupe, na anamngoja.

Kitanda chake hakisomeki, hilo linamkera kuliko yote, anaweza kumsoma dereva wa lori asiyemjua, huyu mumewe hawezi, Valerian akiamka anatandika mwenyewe, tabia ya kambi, blanketi limekaza kama ngozi ya ngoma, mto katikati, hakuna kunyanzi, hakuna unywele, Jumamosi Asteria akiingia na ufagio anakuta chumba kama cha mtu aliyehama, anafagia, anafuta dirisha, anapandisha ufagio kwenye silingibodi kutoa utando wa buibui, silingibodi nyeupe tu mpaka pembeni, nyeupe kama siku ilipopigwa, hakuna hata... hakuna hata doa.

Hakuna doa.

Subiri, anajiambia, na mikono inalegea kidogo, "Kaza, Mama Dorah," anasema Valerian, anakaza, subiri, ile Jumapili ya masika, mwaka gani ule, Dorah alikuwa ameshaanza chuo, mvua ya mchana, mvua ile ya Kahama inayokuja na mawe ya barafu mpaka bati linaimba, alikuwa amejilaza kwa Dorah baada ya chakula, kanga usoni, na mlango ukafunguka kidogo, Valerian amesimama pale, amevaa shati la kanisani, hakuingia, alisimama tu kama mgeni asiye na hakika na namba ya chumba, akasema, "Kule chumbani panavuja," na yeye bila kuitoa kanga usoni vizuri alisema, "Chukua beseni, lile la bluu, liko uani," na Valerian akaendelea kuushika mlango, mvua inapiga, akasema, "Haya," akaufunga mlango polepole, polepole mno, na Asteria alisikia beseni likiburutwa, akalala zake, akaota hata hakumbuki nini, na kesho yake hakuuliza palivuja wapi, yeye, Asteria, anayejua doa la chai na doa la damu na doa la kutu kwa kuligusa tu, yeye amepandisha ufagio kwenye silingibodi ile miaka sita, saba, kila Jumamosi, hajauona mwaka ambao bodi ililowa, bodi ikilowa haisemi uongo, inaweka duara la kahawia, inavimba, hata ukipaka rangi linarudi, na pale pako peupe, gete, kweli kabisa, pako peupe pote, hapakuwahi kuvuja pale, hapakuwahi kuvuja hata tone, yule mtu alivaa shati la kanisani akaja mlangoni kwa mkewe na neno moja alilolitengeneza njiani, labda alilitengeneza wiki nzima, na yeye akampa beseni.

Akampa beseni... na anataka kucheka, na kule Bagamoyo Bi Tatu anashuka ngazi, huyo, kandambili zake zinapiga pa, pa, pa, anasema, "Sita tayari, nimewafungulia na dirisha," na Asteria anawaza, mwanamke huyu hatasema masikini, au atasema, aseme, kitu gani hasa nilikuwa naogopa, kusomwa, nani hajaandikwa, mimi nimesoma watu miaka kumi na tisa na hakuna aliyekufa kwa kusomwa na mimi, na mbona nilijua kuwasikitikia wale wa sare za kitenge na sikujiuliza hata siku moja, yule aliyelala sakafuni alilikunja blanketi vizuri vile kwa ajili ya nani, alikuwa anamwambia nani, tazama sikuvuruga, naweza kurudi... na Valerian je, blanketi lake lile linalokaza kama ngoma, alikuwa anamkomoa nani, au alikuwa anamwandalia nani, na anaota bado, anavuta bado, kifua usiku kikoje, dawa ya hospitali ilisaidia au ananyamaza tu akikohoa, anameza kikohozi asimwamshe mtu upande wa pili wa ukuta, hajui, hajui kitu, na mara, badala ya ile aibu aliyoizoea, ile ya msibani, ya kutojua, anasikia kitu kingine, kitu chepesi, kama alipokuza picha ya bata kwa vidole akitaka kujua shingo imesimamaje, anataka kujua, basi, anataka tu kujua, kuna mtu hapa hatua tatu mbele yake ambaye ana babu aliyeona maji yakipumua, na miaka thelathini hajamwuliza.

"Baba Dorah," anasema.

"Naam."

"Unalala upande gani?"

Valerian anakunja uso, jua liko machoni mwake, "Upande gani wa nini?"

"Wa kitanda. Siku hizi. Unalala upande gani?"

Valerian anatazama shuka kana kwamba kitanda kiko hapo katikati yao, na upepo unaingia chini yake unaliinua kidogo kisha unaliacha, na Asteria anawaza, nimeharibu, haya ndiyo maswali ya kuulizana uani mbele ya dirisha la mgeni wa namba kumi, wanandoa wazima wana kitanda chao wanaulizana pande, lakini hayarudishi, ameshayatoa, na Valerian anasema, polepole, kama anayetoa taarifa ya pampu, "Ukutani."

"Ukutani? Sita kwa sita yote ile ya kwako peke yako, unalala umejibana ukutani?"

"Wewe si ndiye wa nje," anasema Valerian, "unaamka alfajiri."

Anakohoa kidogo, anageuza uso pembeni ili akohoe, mikono haiachii shuka, na Asteria anaona tu mdomo wa Valerian, mistari miwili mipya kando ya mdomo, lini ilikuja hii, na kovu la kidevuni analolijua, na nywele za sikioni zimekuwa nyeupe, anazitazama moja moja kama mtu aliyeingia mji mgeni na hataki kukosa kitu, na simu inapumua sikioni mwake, kiti kinaburutwa, binti wa Bagamoyo amerudi, "Nisamehe, mama yangu, wageni ndio hivyo tena, wameingia wote kwa mpigo... bado upo?"

"Nipo," anasema Asteria, jua shingoni, shuka mkononi.